Feni Ilikuwa Inazunguka

Je, mama aliiona feni?

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi karibu nusu mwaka, na nakuomba usilicheke kabla sijamaliza. Haya ninayokueleza yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Guangzhou, nikiwa na akili zangu timamu na nikiwa nimekunywa soda tu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali pa kuchomokea. Nimejiambia ni uchovu, ni homa, ni upweke. Nimeshindwa. Basi nakusimulia kama yalivyokuwa, uamue mwenyewe.

Baba yangu alifariki mwezi wa sita, siku tatu kabla sijatetea tasnifu yangu. Kwetu ni Njombe. Kazi yake ilikuwa kuuza mbegu za viazi, lakini aliongoza kwaya ya usharika kwa miaka mingi hivi kwamba watu walimwita Mwalimu na mbegu wakazisahau. Aliongoza kwa penseli. Ukikosea, penseli iligonga benchi la mbele mara mbili, tak tak, na mlianza upya.

Sikwenda kumzika. Profesa alisema nikiahirisha utetezi nitangoja mwaka mzima, na ufadhili ulikuwa unaisha mwezi uleule. Au labda ningeweza kwenda. Hilo nalo nimeliwaza sana, ila nikianza nalo hatutafika.

Siku ya mazishi binamu yangu Tumaini alishika simu kaburini ili nione. Mchungaji akatangaza kwamba mtoto wa kwanza wa marehemu yuko China, na yeye ndiye ataanzisha wimbo wa Mwalimu, kisha kwaya idake. Huo ni wimbo ambao baba aliutunga mwenyewe. Kila aliyezikwa usharikani kwetu amezikwa nao. Unaanza na mtu mmoja, peke yake, bila kinanda: "Nifungulie, nimechelewa njiani." Baba alinifundisha kuuanzisha nikiwa na miaka saba, tumekaa juu ya magunia ya mbegu.

Tumaini akaigeuza simu nione watu. Niliona miavuli. Nilimwona mama amejitanda shuka jeusi. Wote walikuwa wananitazama, wananingoja. Nikafungua mdomo, na sauti haikutoka.

Hapo nikafanya kitu ambacho hadi leo sijui kilitoka wapi. Niliganda kwa makusudi. Niliacha mdomo wazi nusu, macho nikayaelekeza pembeni, nikabana pumzi, sikupepesa, ili waone kama picha imekwama. Unajua picha ya simu inavyokwama. Na sisi tunaoishi China kila mtu anajua simu zetu hupita njia za panya kufika nyumbani, hukatika kila siku, hakuna anayeshangaa.

Nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili ikisema, "Mtandao umekata. Endeleeni tu."

Mtu mwingine akaanzisha, kwaya ikadaka. Mimi nilikaa vilevile, nimeganda kama picha ukutani, mpaka udongo wa kwanza ulipoanguka juu ya sanduku. Kisha nikakata simu, nikageuka. Nyuma yangu, juu ya kabati, feni ilikuwa inazunguka, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na taulo nililoanika mlangoni lilikuwa linapepea.

Sasa umeelewa kwa nini sikulala.

Nilitetea tasnifu, nikafaulu, nikavaa joho, nikapiga picha na watu nisiowajua. Feni ile nilimpa rafiki yangu Baraka mwezi wa saba, kwa sababu nilikuwa siwezi kuitazama. Baraka ni Mtanzania mwenzangu, anafanya kazi kwa wakala wa mizigo pale Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi. Alifurahi sana. Hakuuliza kwa nini mtu agawe feni katikati ya joto la Guangzhou. Mimi nikajiandikisha muhula mmoja wa lugha ili kibali cha kuishi kisiishe, nikaanza kutafuta kazi kwa njia ya video, nikingojea maisha yaanze.

Katika darasa hilo la lugha ndimo nilimokutana na Ifa. Anatoka Ayalandi. Jina lake huandikwa kwa herufi ambazo mimi siziamini hata leo, lakini hutamkwa Ifa. Siku ya kwanza alinieleza kwao: mvua, ukungu, viazi, chai ya maziwa kila saa, kanisa, na misiba ambayo watu hukaa siku mbili wakisimulia habari za marehemu mpaka wanacheka. Nilidhani ananielezea Njombe. Nilimwambia hivyo, naye akasema, "Basi ukipotea, nitakuja kukutafuta huko."

Akaniingiza kwenye kundi lao. Walikuwa sita au saba, wanafunzi na walimu wa Kiingereza, na Jumamosi walisafiri: Mlima Baiyun, Foshan, Zhaoqing, popote ambapo basi lilifika na kurudi siku hiyohiyo. Jumapili jioni walikutana kwenye baa ya Kiayalandi iliyo ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo vya simu. Mwenye baa ni Mchina wa Hunan aliyewahi kusoma Ayalandi, na nadhani aliipenda kuliko wao wenyewe. Usifikirie fujo. Waliketi kwenye duara, mmoja na fidla, mmoja na filimbi, wengine na bia zao nyeusi, wakaimba. Na wana desturi moja ambayo lazima uijue ndipo uelewe yaliyofuata. Ukimaliza kuimba, una haki ya kumwita mtu mmoja katika duara. Unamtaja tu. Yeye ataimba, au atasimulia kisa, au atasema shairi, lakini atatoa kitu, naye akimaliza atamwita mwingine.

Mimi kila nilipoona macho yanakuja upande wangu nilikwenda msalani. Kwenye basi la Jumamosi, walipoanza kuimba njiani, nilivaa vipokea sauti masikioni nikajifanya nimelala. Ifa alinijua. Alisema, "Wewe una usingizi wa ajabu, huwa unakuja na nyimbo." Lakini hakunilazimisha, wala hakuwahi kuniita.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja nilichelewa. Baraka alikuwa ameniomba nimsaidie kutafsiri huko Xiaobei, mteja mmoja na bosi wa duka wakabishana mpaka jioni, na nilipoingia baa wimbo ulikuwa umeshaanza. Nilijipenyeza nikaketi. Kando yangu palikuwa na kiti kitupu, na mbele yake glasi ya bia nyeusi iliyojaa, haijaguswa. Nikajua mwenyewe yuko msalani. Mlango wa kuingilia ulikuwa wazi kidogo, wameuwekea kigingi. Nikadhani ni kwa ajili ya hewa.

Wimbo ulipoisha nilimwona mama mmoja amesimama mlangoni.

Niamini ninapokwambia hakuwa na kitu cha kutisha. Wewe ungemwona Xiaobei usingegeuza shingo. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, ana sweta, khanga ya buluu kichwani na nyingine kiunoni, na baka dogo jeusi chini ya jicho. Nilijiambia ni mfanyabiashara wa kwetu aliyepotea njia, anatafuta hoteli yake. Kitu kimoja tu nilikiona: pindo la khanga lilikuwa limelowa hadi magotini, na Guangzhou mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

Amesimama, na watu wote wamekaa. Hakuna aliyeinua macho. Nikaona aibu kwa niaba yao. Wewe umelelewa, ungefanya nini? Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama kwa muda kabla ya kuitikia. "Marahaba."

"Karibu, mama. Keti, kiti kipo." Nikakivuta kile kitupu.

"Umenikaribisha wewe?"

"Ndiyo, mama. Karibu sana."

"Haya," akasema. "Basi nimekaribishwa." Akaketi. Nilisikia harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, udongo wenye mvua. Hata hapo, mimi ninayewaza kila kitu mara kumi, sikuwaza.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amepotea. Akasema hapana, anamtafuta mwanawe. Alisoma hapahapa Guangzhou. Nikamuuliza kama ana namba yake.

"Namba ninayo, baba. Hapokei."

"Labda ni mtandao, mama. Huku mtandao ni shida."

Aligeuza uso wote akanitazama. "Ndivyo walivyosema. Simu ilishikwa karibu yangu, ikasemwa ni mtandao. Lakini nilimsikia anahema. Sasa niambie, mtandao ukikatika, mtu anasikika anahema?"

  Nikajiambia anasimulia habari za ugonjwa, alikuwa amelazwa, simu ikashikwa kitandani. Nikajitahidi sana kuamini hivyo.

Kisha duara likanyamaza, na yeye akaimba. Hakuitwa na mtu. Aliimba taratibu, ameinamisha kichwa, kama mtu anayechambua mchele.

"Nifungulie, nimechelewa njiani."

Wimbo huo haujawahi kurekodiwa. Haumo kwenye kitabu chochote. Nje ya usharika mmoja wa Njombe hakuna anayeujua, na lafudhi ya mama yule haikuwa ya Njombe kabisa. Aliimba mstari mmoja tu, akaacha pale ambapo kwaya hudaka.

Nikasikia sauti yangu inauliza, "Nani amekufundisha?"

"Kuna mwalimu mmoja alikuja mwezi wa sita," akasema. "Mkali kidogo. Tukikosea anagonga penseli. Anasema mwenye kuuanzisha ni mtoto wake, sisi kazi yetu ni kudaka. Tunangoja mpaka leo." Akainua mkono akaninyooshea kidole. "Zamu yako."

Nilifungua mdomo. Na nikafanya kilekile. Nikaganda. Mdomo wazi nusu, macho pembeni, pumzi nimebana. Sikukusudia safari hii, mwili wenyewe ulikuwa umeshajifunza.

Mama yule akanitazama kwa huruma, huruma ambayo sijapata kuiona. Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu, kwenda nyuma yangu.

"Usigande, mwanangu," akasema. "Feni inazunguka."

Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Nilipopepesa, kiti kilikuwa kitupu. Glasi ilikuwa imejaa vilevile. Nyuma yangu palikuwa na ukuta na picha ya farasi. Baa ile haina feni hata moja, ina viyoyozi.

Watu wote wa duara walikuwa wameinamisha vichwa. Mpiga fidla alikuwa amevua kofia. Ifa alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama nimemaliza. Nikamuuliza yule mama amekwenda wapi. Akasema, "Mama gani?"

Walikuwa wameniona nikisimama, nikiinama kwa adabu mbele ya kiti kitupu, nikikivuta, nikizungumza nacho kwa lugha yetu. Walidhani ndiyo desturi yetu Waafrika ya kuwaheshimu wafu. Waliona ni jambo zuri, wakanyamaza. Kwa maana kiti kile, Ifa akanieleza, kilikuwa cha marehemu. Kwao mwezi wa kumi na moja ni wa wafu. Nyumbani kwa bibi yake kuna usiku ambao mlango hauwekwi komeo, kinawekwa kiti kitupu karibu na moto, na kitu cha kunywa. "Tulieleza yote mwanzoni," akasema. "Wewe ulichelewa." Kisha akaweka kiganja juu ya kiti akakiondoa haraka. Kilikuwa kimelowa. Akanusa vidole vyake, akanitazama, na hakusema tena habari za desturi.

Ungeweza kuishia hapo, ukasema ni ndoto ya mtu aliyefiwa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa siku nne.

Siku ya tano nilikuwa na usaili wa video na kampuni moja ya mizigo ya Dar es Salaam. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili. Dada aliyeniuliza maswali alikuwa mchangamfu, tukaanza vizuri, na baada ya dakika moja hivi akanyamaza.

"Kaka, unanisikia? Picha yako imeganda."

Nikasema namsikia vizuri. Nikainua mkono.

"Bado umeganda. Mdomo wazi." Akasogea karibu na kioo chake. "Ila feni yako nyuma inazunguka. Kaka, unatufanyia mchezo?"

Nilikwambia feni nilimpa nani? Niligeuka. Juu ya kabati palikuwa na begi langu la safari na vumbi.

Usaili wa pili, wiki iliyofuata, ulikuwa na mzee mmoja wa Nairobi. Dakika moja, nikaganda, na yeye akasema, kwa ukali zaidi, kwamba hapendi vijana wanaojifanya mtandao umekata na huku taulo linapepea mlangoni. Wa tatu niliukata mwenyewe kabla ya dakika kwisha. Mama alipopiga simu ya picha nilisema kamera imeharibika. Tuliongea kwa sauti tu, na aliniuliza mara mbili kama ninakula.

Nikaenda kwa Baraka. Nilimkuta stoo kwao, amekaa juu ya marobota ya nguo yanayongoja kontena, anakula wali kwenye kopo la plastiki. Nikamsimulia yote isipokuwa lile la mazishi, kwa sababu lile sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Wewe," akasema, "ukipewa maji ya kunywa unauliza yametoka mto gani. Lala. Kula. Feni yako ninayo mimi, imeungua mota tangu mwezi wa tisa, haizunguki hata ukiisukuma."

Lakini nilipotaja khanga ya buluu na baka chini ya jicho aliacha kutafuna. Akafuta mkono, akachukua simu, akaanza kupekua kundi letu la wanafunzi, lile ambamo misiba hutangazwa na watu huchanga rambirambi. Alirudi nyuma miaka miwili. Kisha akanipa simu.

Alikuwa yeye. Sweta lilelile, khanga ileile, amesimama kwenye sherehe ya mtu, anacheka. Tangazo lilisema ni mama mzazi wa mwenzetu mmoja, amefariki kwao Singida, amezikwa kwenye mvua kubwa, na mwenzetu hakuweza kusafiri. Chini yake zilifuata pole za watu. Ya nne ilikuwa yangu. "Pole sana ndugu, Mungu akutie nguvu." Nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye msiba uliotangulia, nikaibandika. Picha sikuwa nimeifungua hata kuitazama.

"Huyo jamaa yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Alijitoa kwenye kundi mwezi uleule. Nasikia alihamia kaskazini. Nyumbani hajarudi mpaka leo, simu za ndugu hapokei." Baraka akachukua kopo lake, akaliangalia, akaliweka chini. "Kuna kitu kilimuuma siku ya mazishi. Walimpa nafasi aage kwa simu. Alisema mtandao ulimkatikia."

Nilikaa chini juu ya robota.

Jumamosi hiyo kundi la Ifa lilikwenda Kaiping. Kule kuna vijiji vyenye nyumba ndefu za zege kama minara, zilizojengwa zamani na wanaume waliokwenda ng'ambo kutafuta maisha wakatuma fedha nyumbani. Nyingi ziko tupu. Unaingia, unakuta vitanda, vikombe, na picha za wazee ukutani zinakutazama. Wengine walikuwa wanapiga picha. Mimi na Ifa tulikaa kwenye kizingiti cha nyumba moja iliyofungwa, na hapo ndipo nilipomwambia mtu kwa mara ya kwanza. Nilimwambia la feni. Nilimwonyesha hata nilivyoganda, mdomo wazi nusu.

Hakucheka. Aliniuliza, "Alipokuita, ulikataa?"

"Sikukataa. Nilishindwa."

"Kwetu mtu anaweza kushindwa," akasema. "Lakini mwito haufi kwa sababu umeshindwa. Unabaki palepale, wewe umeukalia. Bibi yangu angekwambia ndio maana umekwama."

"Ningejua ni kiti cha wafu nisingemkaribisha."

"Uliona nini hasa?"

"Nilimwona mama amesimama."

Ifa alicheka kidogo, kisha nikaona analia, akajifuta kwa mkono wa sweta. "Miaka yote bibi yangu ameacha mlango wazi," akasema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema karibu."

Tuliporudi, waliimba ndani ya basi. Sikuvaa vipokea sauti. Sikuimba pia, kwa sababu nilijua sasa kwamba wimbo wangu wa kwanza una mwenyewe.

Jumapili saa mbili usiku huku, ambayo Njombe ni saa tisa alasiri, nilimpigia mama kwa picha.

"Kamera imepona?" akauliza. "Mbona umekonda hivyo?"

"Mama, naomba unipeleke kwa baba."

Hakuuliza. Alichukua mwavuli, kulikuwa kunanyunya, akapita nyuma ya nyumba, akavuka shamba la viazi, na mimi nikitikisika mkononi mwake, naona mara mbingu mara matope. Kaburi liko chini ya miti ya miwati. Alisimama, akaishika simu mbele ya uso wake. Nilijua dakika moja inakaribia kwisha, kwa hiyo nilisema haraka.

"Mama, siku ile mtandao haukukata. Niliganda makusudi. Niliwaona wote mkiningoja nikaganda."



Mama hakusogea. Uso wake ulisimama, macho yamenielekea, midomo imefumba. Nikaita, "Mama, unanisikia?" Hakuna. Nikajiambia amekwama, hakusikia, itabidi niseme tena tangu mwanzo na sitaweza. Kisha nikatazama nyuma yake. Majani ya miwati yalikuwa yanacheza. Tone la maji lilivimba kwenye ncha ya mwavuli, likadondoka, likavimba lingine.

Hakuwa amekwama. Nikangoja, kama walivyoningoja.

"Ni mimi niliyesema mtandao umekata," mama akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Watu walikuwa wameanza kunong'ona. Nikawaambia ni mtandao, endeleeni. Nilidanganya mbele ya sanduku la baba yako."

"Uliiona feni?"

"Feni gani? Mimi niliona taulo. Lile la kijani nililokununulia Makambako ulipokuwa unaondoka. Nikaona linapepea, nikasema, mwanangu yuko pale, anashindwa tu." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Nimengoja uniambie. Kila ukipiga nasema leo ataniambia. Haya, anzisha. Usinisimamishe kwenye mvua."

Akageuza simu ikalitazama kaburi.

Nilianza chini mno, sauti ikapasuka, nikakohoa. Na niamini au usiniamini, nilisikia kitu kikigonga mara mbili, tak tak, mahali fulani kati ya Guangzhou na Njombe. Huenda ni mvua juu ya mwavuli. Nikaanza upya. "Nifungulie, nimechelewa njiani." Na pale kwaya inapodaka, mama alidaka peke yake, kwa sauti yake ya uzee, na tuliimba beti zote nne. Dakika zilipita nyingi. Hakuna aliyesema nimeganda.

Sijafanya usaili mwingine. Nimekata tiketi, naondoka Alhamisi. Nyumbani nitatafuta kazi nikiwa nimekaa kwenye chumba na watu. Lakini nisikudanganye kwamba yamekwisha. Jumapili iliyopita nilikwenda kuwaaga baa, Ifa akaniita, nikawaimbia. Nilipoinua macho, mama yule alikuwa amesimama mlangoni, khanga imelowa. Nilimwamkia, akaitikia. Hakuketi. Aliwatazama walioketi mmoja mmoja kama anayetafuta uso, akatazama ngazi, akashuka. Kwenye sakafu alipokuwa amesimama paliachwa maji.

Tangu siku ile silali tena, ila sasa si kwa ajili ya feni.

Nakuonya, wewe uliye mbali na kwenu. Siku utakayopewa nafasi ya kumuaga mtu wako kwa simu, toa sauti, hata ya kukwaruza, hata kilio. Wanaokutazama unaweza kuwahadaa. Anayezikwa atasikia unahema, na ataondoka kuja kukutafuta, amelowa, katika miji asiyoijua.

Baraka alinipatia namba ya yule mwenzetu wa kaskazini. Nilimwandikia ujumbe, safari hii kwa maneno yangu mwenyewe. Akausoma, hakujibu. Nilikaa nao siku tatu nikijiuliza mimi ni nani wa kumwingilia mtu msiba wake. Leo asubuhi nikaamua, nikapiga.

Iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa. Hakusema neno. Lakini nilimsikia anahema.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "sijakata. Anzisha wimbo wowote. Mimi nitadaka."

Na hapa nilipo nimekaa kitandani, simu sikioni, namngoja.